Wavuvi wa Wagenia hawafungui imeli

Wandugu wa promosheni, kliniki moja ya kine hapa Kisangani ilinitumia imeli ya kutafuta wagonjwa. Kifaransa safi, picha ya mzungu anakimbia kwenye mashine. Mimi niliifungua. Lakini yaya yangu wa Wagenia je? Yeye anapanda miti iliyosimikwa kati ya mawe ya maporomoko, anavuta vitunga vya samaki na maji yanakokota. Bega limekwisha. Imeli hana, na mgonjwa wanayemutafuta ndiye huyo!

Baya zaidi, waliweka anwani zetu zote wazi. Niliona za wengine, nao wakaona yangu. Mgongo wangu ni siri yangu na muganga.

Sisemi imeli ni bure. Kwa aliyekwisha kuja, imukumbushe siku ya kurudi, imuonyeshe mazoezi ya nyumbani, maana kine haiponyeshi kwa siku moja. Lakini kwa mgonjwa mupya, mushuke mpaka kwenye maporomoko, museme na wakubwa wa wavuvi kwa Kiswahili ao Lingala, mupitishe tangazo kwa redio, mutaje bei waziwazi. Bei ndiyo imeli yao haikusema. Munaonaje?