Anayehesabu Waliosimama

Kipindi cha P.E., yaani elimu ya viungo, kinapoanza katika shule moja ya msingi hapa Burumba, Busia, mwalimu hutoka na darasa zima na mpira mmoja. Nje ya ua, malori yamepanga foleni yakingoja zamu ya kuvukia Uganda, na boda boda wanapiga honi katikati yake. Kila aliye uwanjani anautazama mpira, isipokuwa mtu mmoja. Ni mzee, mhadhiri mstaafu, mwenyeji wa huku huku kwa Abakhayo. Ameketi chini ya mwembe, karatasi zimebanwa kwenye kibao magotini, penseli mkononi, kisikizi kimoja sikioni. Anamtazama msichana aliye wa tisa kwenye mstari.

Maisha yake yote ya kazi ameyamalizia katika utafiti wa sera na mtaala wa elimu ya viungo. Ukiwauliza majirani watakuambia alikuwa mwalimu wa michezo, wala hawako mbali sana na ukweli. Ila mwalimu wa michezo hutafuta mshindi, naye huyu humtafuta mtoto ambaye mpira haujamfikia.

Sikioni kuna sauti iliyorekodiwa: tazama. Zinapita sekunde kumi. Andika. Sekunde nyingine kumi. Anachoandika ni tarakimu tu: 1 kwa mtoto aliyelala, 2 kwa aliyeketi, 3 kwa aliyesimama, 4 kwa anayetembea, 5 kwa anayejituma zaidi ya hapo. Pembeni yake huweka alama ya kinachofundishwa wakati huo, na nyingine ya anachofanya mwalimu. Baada ya mara kumi na mbili, yaani dakika nne, humwacha mtoto huyo akamhamia wa pili, kisha wa tatu na wa nne, halafu huanza upya. Hao wanne huwa amewachagua kabla kipindi hakijaanza, pasipo kujua nani hodari na nani goigoi. Njia hii ilibuniwa Marekani na Thomas McKenzie na wenzake wa San Diego, ikachapishwa mwaka 1991, na imezunguka dunia nzima. Lakini mashine haiwezi kuifanya kazi hii kwa niaba yako. Inataka jicho lisilovutwa na kelele za goli.

Nilikaa nyuma yake nikisoma karatasi juu ya bega lake. Msichana yule wa tisa: 3, 3, 3, 3. Akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, bado ni 3. Akasogea hatua mbili mstari uliposonga, 4. Kisha 3, 3. Mpira ukapotea njia, ukaviringika hadi karibu na choo, naye akachomoka kuufuata, sketi imeshikwa mkono mmoja, viatu kaviacha nyuma. 5. Alikimbia vizuri mno, magoti juu, na mimi nilitaka kushangilia. Mzee hakuinua hata nyusi. Alingoja sauti, akaandika, akatazama tena. Msichana alikuwa amerudisha mpira na kurejea mkiani mwa mstari. 3, 3, 3.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu alikuja akipangusa jasho, amefurahi, maana kipindi kimefundishwa na ratiba imeheshimiwa. Daktari, kama alivyomwita mzee yule, angeweza kumwonyesha karatasi ile na kumvunja moyo pale pale. Badala yake alisema: "Mwalimu, umefanya kazi. Tukiongeza mipira mitatu, hata ya kufunga kwa kamba, tukawagawa makundi manne, hawa watoto watakimbia wote." Ndivyo wakafanya wiki iliyofuata. Huku mpakani mpira wa kufunga haujawahi kukosekana. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, watoto wamekuwa wakiishindilia ile inayopenyezwa kutoka upande wa pili, pamoja na matambara, wakaizungushia kamba za katani.

Wenye ufundi wa kuchunguza elimu ya viungo walikuwapo, na walikuwa wetu. Mike Boit alileta shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, akasoma Marekani hadi uzamivu, kisha akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 1992 Edwin Wamukoya na Ken Hardman wa Manchester walichapisha makala kuhusu elimu ya viungo katika shule za sekondari za Kenya. Huyo Hardman, pamoja na Joe Marshall, baadaye aliupima ulimwengu mzima, na mnamo Novemba 1999 walipeleka matokeo yao kwenye mkutano mkuu wa Berlin: karibu kila mahali somo limo katika sheria au sera, na mahali pengi halifundishwi inavyoagizwa. Vincent Onywera na wenzake, waliokwisha kuchunguza asili na maisha ya wakimbiaji wetu wakuu, wakaigeukia hali ya watoto wa kawaida, na mwaka 2011 Kenya ikapata kadi yake ya kwanza ya ripoti kuhusu jinsi watoto wanavyoshughulisha miili yao.

Kwa nini somo lenyewe lilififia, sababu haihitaji msomi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulianza mwaka 1985 ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na muda wote huo P.E. haikuwa ndani yake. Kisichotahiniwa huliwa, na kipindi cha P.E. kililiwa na Hisabati huku wazazi tukishukuru. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, watoto zaidi ya milioni moja waliingia madarasani, jambo jema kupita kiasi, lakini viwanja havikupanuka. Mtaala wa umilisi ulikuja na ahadi kubwa, hadi mkondo mzima wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule ya upili. Kisha jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu likatoa ripoti yake mwaka 2023, masomo ya sekondari ya msingi yakapunguzwa kutoka 14 hadi 9, na michezo ikaunganishwa na sanaa kuwa somo moja. Nani atakayetuambia katika somo hilo mtoto wa Burumba anakimbia kwa dakika ngapi? Shirika la Afya Duniani linasema kwa wastani anahitaji dakika 60 za kujituma kila siku. Kujua anapata ngapi, lazima mtu akae chini ya mwembe.

Jambo linaloniuma ni kwamba Busia si mgeni wa watafiti. Shule 75 za kusini mwa iliyokuwa wilaya ya Busia, zenye watoto zaidi ya 30,000, ndizo Michael Kremer na Edward Miguel walizozichunguza kuhusu dawa za minyoo, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Utoro ulipungua kwa robo. Kremer alipopata tuzo ya Nobel mwaka 2019, huku wako waliokumbuka zile timu zilizokuwa zikipita shuleni zikihesabu watoto darasani bila taarifa. Zilihesabu kwa macho, mtoto mmoja mmoja. Hivyo ndivyo dunia ilivyoamini.

Siku hizi hojaji ya P.E. hutumwa kwa simu kwa mwalimu mkuu. Je, kipindi hufundishwa? Anabonyeza ndiyo, kwa sababu kimo kwenye ratiba, na anayeuliza hajui hata lango la shule lilipo. Majibu yanajumlishwa, tasnifu inajalidiwa, mhitimu anavaa joho, na msichana wa tisa anaingia takwimu za taifa akiwa miongoni mwa wanaofanya mazoezi. Nimesoma tasnifu za namna hiyo. Majedwali yake ni safi, na ndani yake hamna mtoto hata mmoja. Wakati huo huo viwanja vyenyewe vinamegwa, huku madarasa, kule vibanda vya kukodisha, na hakuna kumbukumbu ya walichokuwa wakicheza watoto pale: kati, blada, brikicho, kuruka kamba.

Alupe, kwenye barabara ya kwenda Malaba, ni chuo kikuu kamili tangu 2022. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega, si mbali. Nawasihi wanaosomea ualimu huko, na wahadhiri wanaowasimamia: kabla hamjaituma hojaji, ombeni ruhusa ya mwalimu mkuu, mje na penseli, mkae kando ya kiwanja kipindi kizima. Mzee wetu bado ana nguvu, na kufundisha hatozi chochote.