MVUMILIVU HULA MBIVU? UHABA WA MAFUTA KATIKA FILAMU YA VIVA RIVA!

Utangulizi

Mtu akisema kwa Kiswahili kwamba anatafuta mafuta, msikilizaji hana budi kuuliza: mafuta gani? Lugha yetu imekusanya chini ya neno moja mafuta ya kupikia, ya taa, ya gari, na yale mabichi yaliyolala chini ya miamba. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo utata huu si wa msamiati peke yake. Yupo mtafutaji anayekuja na ramani, mkataba na mitambo ya kuchimbia. Na yupo mtafutaji anayetoka nyumbani alfajiri akiwa na dumu tupu mkononi. Wa kwanza ameandikwa na kupigwa picha mara nyingi. Wa pili hajatazamwa vya kutosha, na wahakiki wa Kiswahili karibu wampite kabisa.

Makala haya yanakusudia kuchambua filamu ya Viva Riva! (2010), iliyoandikwa na kuongozwa na Djo Tunda wa Munga, ambayo inamhusu huyo mtafutaji wa pili. Hoja yetu ni kwamba filamu hii, ambayo wengi waliipokea kama kisa cha majambazi na starehe za usiku, ni tamthilia nzito kuhusu uchumi wa dhiki. Inatuonyesha kwamba katika nchi isiyo na mpango utajiri hautoki katika mafuta yenyewe, bali katika kukosekana kwake. Kwa maneno mengine, uhaba ndio mgodi.

Filamu na wakati wake

Munga alizaliwa Kinshasa mwaka 1972 na kusomea sinema Ubelgiji. Alipoanza kazi hii, kumbi za sinema za Kinshasa zilikuwa zimefungwa, na nyingine zikawa nyumba za ibada. Filamu ya hadithi iliyokuwa imepata umaarufu mkubwa kutoka mji huo ni La Vie est belle (1987), ambayo nyota wake alikuwa Papa Wemba. Inafaa kukumbuka kwamba mmoja wa waongozaji wake wawili, Mwezé Ngangura, ni mzaliwa wa Bukavu. Hivyo basi mtu wa Kivu hawezi kusema kwamba sinema ya Kinshasa ni jambo la wengine.

Viva Riva! ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2010. Mwaka uliofuata ilipata tuzo sita katika Tuzo za Sinema za Afrika (AMAA), ikiwa ni pamoja na ile ya filamu bora. Baada ya shangwe hizo ilisahaulika upesi. Huku mashariki sababu mojawapo ni lugha, kwa kuwa wahusika wake husema zaidi Kilingala na Kifaransa. Sababu nyingine ni aibu: filamu ina matukio ya mapenzi na ukatili ambayo mwalimu hupata taabu kuyaonyesha darasani. Lakini kazi ya sanaa haipimwi kwa yale inayotuonea haya kuyataja.

Leo, miaka kadhaa baadaye, filamu imekwisha kuwa kumbukumbu ya kipindi. Ni Kongo iliyotoka katika vita vya 1996–1997 na vya 1998–2003, ikapiga kura mwaka 2006, lakini ambayo mwananchi wake alikuwa bado anasukuma gari lisilo na petroli.

Kisa kwa ufupi

Riva anarudi Kinshasa baada ya miaka kumi nchini Angola, akiwa na lori lililojaa mapipa ya petroli ya wizi. Mji umekaukiwa. Anamtafuta rafiki yake wa zamani, J.M., ambaye sasa ni mume na baba, na kumrudisha katika maisha ya ulevi. Katika dansi anamwona Nora, mwanamke wa Azor, tajiri mkorofi wa mji, na anaapa kumpata. Nyuma yake anakuja César, Mwangola mwenye mali iliyoibwa, ambaye anamlazimisha kwa vitisho afisa wa jeshi, mwanamke aitwaye Kamanda, amsaidie kumsaka Riva. Hata padre anaingia katika biashara hiyo. Mwishowe mafuta yanalipuka, na karibu kila aliyeyagombea anaangamia. Anayebaki ni Anto, mtoto wa mitaani.

Uhaba ndio mgodi

Nilipoionyesha filamu hii kwa kikundi kidogo cha wanafunzi hapa Bukavu, mmoja aliuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo ufunguo wa kazi nzima: "Mwalimu, kwa nini hauzi tu akaondoka?" Kwa kanuni ya filamu za majambazi mwizi huuza haraka na kukimbia. Riva hana haraka. Mali yake imefichwa, yeye yuko kwenye bia na muziki, na kila usiku unaopita bei ya petroli inapanda. Starehe yake ni kazi, kwa kuwa kungoja kwake kunazalisha faida bila yeye kunyanyua hata dumu moja.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na wakasema pia akiba haiozi. Methali hizi zinamsifu mtu anayeweza kujizuia leo ili apate kesho. Munga anazigeuza kichwa chini. Katika mji wa Riva mwenye uwezo wa kungoja ni yule aliyehodhi, na anayeteseka kwa ngoja ngoja ni yule asiye na kitu. Uvumilivu umekuwa mali ya mlanguzi. Tunda linaiva ghalani mwake kwa sababu wengine wana njaa, na kadiri njaa inavyozidi ndivyo linavyozidi utamu. Hapa filamu inagusa jambo ambalo hotuba nyingi kuhusu rushwa hazigusi: ulanguzi hauhitaji mtu mwovu sana, unahitaji tu muda na kufuli.

Ni vema kulinganisha na tamthilia ya Kiswahili. Penina Muhando, katika Lina Ubani (1984), aliandika katika kivuli cha dhiki iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978–1979, wakati ambapo bidhaa ziliadimika Tanzania, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Katika mkondo huo wa tamthilia mlanguzi huwa na mtu wa kumhukumu: mzee, kijana mzalendo, au hadhira yenyewe inayoulizwa maswali. Ndani ya Viva Riva! kiti cha hakimu kiko wazi. Jeshi linatafuta mwizi kwa niaba ya mwenye mali wa kigeni, na kanisa ni mnunuzi. Baba yake Riva anayeikataa fedha ya mwanawe ndiye pekee anayesimama kama sauti ya maadili, naye hana nguvu zaidi ya kumfukuza nyumbani. Sauti hiyo ni fupi, na mji hauisikii.

Wahusika na jiografia ya mafuta

César amechorwa akiwa nadhifu, mwenye dharau, asiyeficha kwamba anawaona Wakongo kuwa watu waliooza. Msomaji anaweza kumchukua kama picha ya chuki dhidi ya mgeni. Tunadhani kuna zaidi. Angola na Kongo zina pwani moja ya mafuta: Cabinda iko jirani na Moanda. Hata hivyo, wakati filamu inatoka, Angola ilikuwa ikitoa zaidi ya mapipa milioni 1.5 kwa siku, ilhali Kongo, iliyoanza kuchimba pwani yake mwaka 1975, haikufikia 30,000. Tena mafuta mazito ya Kongo hayakufaa kwa kiwanda cha kusafishia kilichojengwa Moanda, hivyo nchi ikawa inauza mabichi na kununua yaliyosafishwa. Penye miti hapana wajenzi. Kiburi cha César kina mizizi katika tofauti hiyo, na uchungu wake uliongezeka mwaka 2009, serikali hizi mbili zilipofukuziana raia. Munga hatoi takwimu hata moja. Anavaa mtu mmoja suti nyeupe na kumwacha atembee katika matope ya Kinshasa.

Kamanda naye ni mhusika anayestahili kutazamwa. Ana sare na bunduki, lakini hana uhuru. Katika yeye dola ya Kongo inaonekana kama ilivyo: si dhaifu kwa sababu haina silaha, bali kwa sababu silaha zake hukodishwa na anayejua mahali pa kubana.

Anto ndiye mhusika aliyetungwa kwa uangalifu mkubwa kuliko wote. Anamsaidia Riva, anakimbia, anasikiliza, hana baba wala shule. Wakubwa wanapomalizana, yeye anaachwa na fedha na gari, akicheza udereva kama mtoto yeyote. Wengine wataona humo matumaini. Sisi tunaona swali. Mtoto amerithi mali, lakini hakuna aliyemfundisha lolote isipokuwa namna mali hiyo ilivyopatikana.

Tukiitazama kutoka Bukavu

Hapa kwetu petroli, au esanse kama wengi wasemavyo, haitoki Moanda. Inatoka ng'ambo, inashushwa Mombasa au Dar es Salaam, na kupita nchi jirani kabla ya kutufikia. Vijana wanaoiuza kwa chupa kando ya barabara huitwa "kadhafi", kwa jina la aliyekuwa kiongozi wa Libya. Utani huu ni uhakiki kamili: kijana mwenye chupa chache juu ya kibao anapewa jina la mtawala wa nchi ya visima. Waliobuni jina hilo walikwisha kuielewa hoja ya Munga kabla yake.

Hapo ndipo tunaiona kasoro kubwa ya filamu. Kadhafi hayumo. Hayumo pia mama anayesubiri gari la mihogo kutoka Walungu, ambaye bei ya petroli humfikia ikiwa imegeuka bei ya unga. Uhaba unaonekana kutoka kwa wale wanaougombania. Wale wanaoulipia ni umati wa nyuma tu. Vilevile Nora, pamoja na uhodari wa mwigizaji wake, amebaki zawadi ya kushindaniwa, sawa na mapipa. Mwandishi aliyeona vizuri jinsi petroli inavyogeuza watu kuwa bidhaa hakujihadhari vya kutosha asimgeuze mwanamke wake vivyo hivyo. Tena ukatili wa sehemu ya mwisho ni mwingi kupita haja, na unampa mtazamaji nafasi ya kusahau mapipa na kuhesabu maiti.

Inafaa kuiweka filamu hii kando ya Virunga (2014), filamu ya hali halisi ya Orlando von Einsiedel. Hiyo inamhusu mtafutaji wa kwanza: kampuni ya SOCO ya Uingereza iliyotafuta mafuta katika eneo la Hifadhi ya Virunga na Ziwa Edward, wakati waasi wa M23 walipouteka Goma Novemba 2012. Ulimwengu uliitazama, ikateuliwa kugombea tuzo ya Oscar, na Kiswahili kinasikika humo. Lakini humo mafuta ni hatari inayokuja kutoka nje na askari wa hifadhi ni mashujaa. Viva Riva! haitupi faraja hiyo. Mafuta yamekwisha kufika mjini, na hakuna aliye safi.

Filamu hizi mbili zinahitajiana. Julai 2022 serikali ya Kongo ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi ya Ziwa Kivu, ziwa hili tunaloliona kutoka madirishani. Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ukafutwa. Virunga inatufundisha kuuliza ni nini kitaharibiwa visima vikichimbwa. Viva Riva! inatufundisha kuuliza swali la pili, ambalo halisemwi sana: visima vikiisha kuchimbwa, dumu la mama wa Walungu litajazwa na nani, na kwa bei gani?

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Viva Riva! ni kazi yenye kasoro, lakini yenye fikra moja iliyo thabiti, na kwamba fikra hiyo inatuhusu. Februari 2025 Bukavu ilipotwaliwa na M23 na benki zikafunga milango, kila mmoja wetu alijifunza upya tofauti kati ya anayeweza kungoja na asiyeweza. Hatukuhitaji filamu kutufundisha hilo. Tulihitaji lugha ya kulisemea.

Mitaala yetu ya fasihi inaangalia Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, na ni haki iwe hivyo. Lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo, na mwanafunzi wa Bukavu anayeisoma Lina Ubani bila kuitazama Viva Riva! amesoma dhiki ya jirani na kuipita ya nyumbani. Tunapendekeza kazi mbili. Kwanza, mazungumzo ya filamu hii yatafsiriwe kwa Kiswahili na wanafunzi wetu kama zoezi la tafsiri. Pili, atokee mwandishi wa Kivu aiandike tamthilia ambayo Munga hakuiandika, ile ya kadhafi na chupa zake. Jukwaa lake tunalipita kila siku tukienda kazini, na wahusika wake wametuita mara nyingi wakitaka tununue.