Sanamu za Mlango wa Autun

Juu ya mlango wa kanisa kuu la Mtakatifu Lazaro, mjini Autun, Ufaransa, Kristo Mwamuzi alichongwa katika jiwe yapata mwaka 1130. Yeye ni mkubwa kuliko wote. Malaika ni warefu mno, na wafu wanafufuka kwa hofu. Mwaka 1766 mapadri wa kanisa hilo waliziona sanamu hizo mbaya, wakazifunika kwa plasta. Zilifunuliwa mwaka 1837. Kichwa cha Kristo kilirudishwa 1948 tu. Sisi twasema: urefu ule si kosa la patasi. Mchongaji alikuza lililo na maana. Waluba nao, katika viti vya wafalme, walikuza kichwa. Basi, Wakristo wa Kamina, kazi ya wazee wetu tuitazame kwanza, ndipo tuihukumu.