Sikio Linalosoma Makosa

Mtoto wa miaka tisa anasoma kwa sauti, na mwalimu aliyeketi kando yake hamsahihishi. Ana karatasi na penseli tu. Neno likisomwa sawasawa, anatia alama ya vema. Likikosewa, anaandika kile hasa mtoto alichotamka, na chini yake neno lililomo kitabuni. Mtoto akijirudi mwenyewe, hilo nalo huandikwa. Njia hii ilienezwa na Marie Clay, mtaalamu wa New Zealand, na hadi leo ni chombo cha walimu wengi wa vitengo vya msaada wa kujifunza. Kwa macho ya mpita njia, hapo hakuna kazi inayofanyika. Mimi naiona kuwa mojawapo ya kazi ngumu kuliko zote za ualimu.

Ugumu wake unaonekana wazi katika shule za kimataifa, kama ile iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 au ya Moshi ya mwaka 1969. Katika shule za aina hii darasa moja huweza kuwa na mtoto aliyelelewa kwa Kikorea, wa pili kwa Kifaransa na wa tatu kwa Kiswahili, na wote watatu wanafundishwa sayansi kwa Kiingereza. Mmoja wao akisuasua, lazima iamuliwe: ni lugha bado haijamkaa, au ubongo wake una namna nyingine ya kushughulikia maandishi? Ukikosea upande mmoja, unampachika mgeni wa lugha jina la ulemavu. Ukikosea upande wa pili, mwenye disleksia, yaani namna hiyo nyingine ya ubongo, anaambiwa avute subira, na miaka inapita.

Kumsikiliza akiongea hakutoshi. Jim Cummins wa Kanada alieleza kwamba mtoto huweza kuipata lugha ya mchezoni kwa takribani miaka miwili, lakini lugha ya vitabuni humchukua miaka mitano hadi saba. Anayetaniana na wenzake uwanjani bila kukwama anaweza kupotea kabisa kwenye ukurasa wa historia.

Kwa hiyo mwalimu hurudi kwenye makosa. Mtoto wa Moshi anakutana na neno same katika sentensi ya Kiingereza, analisoma Same, ule mji wa njiani kwenda Dar. Amekosea, lakini kwa utiifu: ameipa kila herufi sauti yake kama alivyozoeshwa tangu ba, be, bi, bo, bu. Akiandika sikulu akikusudia school, amezitenganisha konsonanti kwa irabu kama lugha yake inavyopenda. Makosa hayo yana mpangilio, na hupungua kadiri anavyokizoea Kiingereza. Mwenzake analisoma neno lilelile kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, anaruka vijineno, anabahatisha kwa herufi ya kwanza: house inakuwa horse, halafu inakuwa home. Makosa yake hayafuati kanuni ya lugha yoyote. Hapo ndipo penseli ya mwalimu huenda polepole zaidi.

Mwalimu mchanga angempa mtoto ukurasa wa Kiswahili, na akiusoma bila kosa angefunga jalada. Mzoefu hatosheki. Anajua kwamba tahajia ya Kiswahili ni nyoofu, na unyoofu huo huficha mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Science uliwalinganisha wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia, ambao tahajia yao nayo imenyooka, walisoma vizuri kuliko wenzao, ilhali picha za ubongo zilionyesha udhaifu uleule kwa wote. Ndiyo maana mwalimu huhesabu makosa huku akitazama saa, kwani asiyekosea huweza kuwa anasoma polepole mno. Kisha hucheza na sauti: "Sema paka. Sasa ondoa sauti ya kwanza. Kimebaki nini?" Huuliza kama macho na masikio yamepimwa. Humuuliza mzazi kwa upole: "Mama, kwa upande wa babake, yupo aliyechelewa kujua kusoma?" Kama fundi wa kalafati, hashughuliki na pale maji yanapotuama chomboni, hutafuta yanapoingilia.

Tundu likishapatikana, kinachofuata ni uvumilivu. Mfumo walioujenga daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham huko Marekani katika miaka ya 1930 ungali unafuatwa: jicho, sikio na mkono hufanya kazi pamoja. Mtoto anaitazama b, anaitamka, anaichora kwenye trei ya mchanga, na d haiguswi mpaka b imekaa. Baadaye huja mitihani. Ile ya diploma ya International Baccalaureate humwongezea muda mwenye ushahidi, mara nyingi dakika 15 kwa kila saa, lakini ushahidi huo lazima uonyeshe kwamba ndivyo alivyozoea kufanya kazi darasani. Hivyo zile karatasi za penseli hutunzwa miaka na miaka.

Ninachokistahi zaidi ni jinsi mwalimu huyu anavyojipunguza. Kwanza anakaa jirani na mtoto, kisha meza ya pili, kisha anapita tu. Msaada usiopungua humfundisha mtoto kungoja.

Shule za kimataifa hutoza ada kubwa, na sehemu ya ada hiyo hununua dakika 20 za mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto 80 hana dakika hizo kwa kila mmoja. Lakini penseli, karatasi na alama ya vema havina ada. Hata watoto wawili kwa juma, wale wanaokaa nyuma wakifuatisha midomo ya wenzao, wangeweza kusikilizwa. Kabla ya kusema mtoto fulani ni mzito, tungekuwa angalau tumeandika alichotamka.