Mti wa virusi kwenye simu

Hongera wanasayansi Trevor Bedford, Richard Neher na wenzao kwa kutuletea tovuti ya Nextstrain. Ukiifungua hapa Kilindoni, mtandao ukikubali, unaona mti wa vitone vya rangi. Kila kitone ni sampuli moja ya kirusi. Gusa kimoja, utasoma nchi na tarehe. Kwenye mti wa korona, aina ya Omikroni, iliyotangazwa Novemba 2021, imechomoza kwenye tawi lake refu, mbali kabisa na aina ya Delta iliyoitangulia. Hata asiyejua jenomu ni nini anaelewa kwa nini wataalamu walishtuka. Tovuti ina ramani pia, na ile mistari inayoivuka ni makadirio tu ya njia za kirusi, si tiketi za abiria! Pongezi pia kwa watafiti wa KEMRI-Wellcome ya Kilifi, waliosoma jenomu za korona za pwani ya Kenya. Bila maabara kama yao, vitone vya Afrika vingekuwa vya kuhesabika.