Udodi wa Ukambani

Mapambo ya fedha ya Lamu nayaheshimu, lakini moyo wangu uko Kitui. Sonara wa pwani aliyeyusha riali za Maria Theresa, sarafu zenye chapa ya mwaka 1780 hata pale zilipotoka kiwandani karne moja baadaye, akafua kikuku, akatia akiki akitaka. Mteja alilipia uzito. Fundi wa Kikamba hakuwa na fedha wala kito. Alikuwa na waya wa shaba, tena wa kuletwa. Enzi za Kivoi, yule mfanyabiashara wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, misafara iliteremsha pembe za ndovu Mombasa na kupandisha bara nguo, shanga na waya.

Waya huo mnene ulikondeshwa kwenye chamburo, bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo. Ncha huchongwa ipenye, hushikwa kwa koleo, huvutwa. Kisha tundu la pili, la tatu. Shaba ikivutwa sana hukakamaa, na ukiilazimisha inakatika. Lazima irudi motoni ilainike ndipo ivutwe tena. Unene ukipungua nusu, urefu unakuwa mara nne. Shaba ni ileile, haikuongezwa hata chembe, lakini sasa inatosha shingo nne. Mwishowe unapata udodi, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Udodi huzungushwa kwenye kijiti cha chuma, hukatwa pete pete, kila pete ikapitishwa kwenye mwenzake na kubanwa. Pete moja ikiachwa wazi kidogo tu, hunasa nguo. Mkufu uliobanwa vyema humwagika kiganjani kama maji, na ndio uliobeba tabakelo ya ugoro kifuani mwa mzee. Mzee huyohuyo alikuwa na kigoda cha miguu mitatu, udodi umegongomelewa mbaoni kwa miviringo. Wengine huficha mapambo sandukuni, yeye aliyakalia.

Siku hizi mambo yamepinduka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanajiolojia Campbell Bridges aligundua huko Taita ganeti ya kijani ambayo kampuni ya Tiffany iliipa jina la tsavoriti mwaka 1974, kutokana na Tsavo, hifadhi ambayo lango lake moja liko Mtito Andei, Makueni. Zamani tulipokea waya mbichi tukautia ufundi. Sasa mawe mengi yanasafiri yakiwa ghafi, ufundi ukatiwa kwingine. Hilo linaniudhi.

Tsavoriti safi yenye kuzidi karati chache ni adimu. Ukiitundika kwenye mkufu mnene wa dukani, inamezwa. Mimi ningeitaka kwenye udodi wa shaba nyekundu, pete zake ndogo kuliko punje ya mtama, na sonara akisema shaba haistahili jiwe la bei hiyo, nitatafuta mwingine.