Kupoza kwa Uga Mmoja, Kupasha kwa Mwingine

Manganaiti, yaani oksidi yenye manganisi, ikipozwa hadi karibu na sifuri kamili, mara nyingi hubaki na awamu mbili ndani ya sampuli moja: ya kiferomagneti inayopitisha umeme, na ya kiantiferomagneti inayouzuia. Mwaka 1999 Uehara na wenzake walizionyesha kwa hadubini ya elektroni, zimegawana maeneo yenye upana wa karibu nusu maikromita. Picha hizo hazikujibu swali gumu zaidi: ipi kati ya hizo mbili ni hali ya utulivu wa kweli, na ipi imenaswa njiani?

Hunaswa kama kioo kinavyoganda kabla molekuli zake hazijajipanga. Mpito kutoka awamu moja hadi nyingine huanza, joto hushuka, mwendo wa atomi hufifia, na sehemu isiyowahi kubadilika hubaki hivyo hivyo. Sampuli iliyopozwa kupita kiwango cha mpito bila kunaswa huzidi kukaribia kugeuka kila joto lishukapo. Iliyonaswa huzidi kuzubaa.

Jibu lililonivutia kuliko yote lilitoka Indore, India, kwa Alok Banerjee, Praveen Chaddah na wenzao. Walipoza sampuli katika uga mmoja wa sumaku, wakabadilisha uga kwenye joto la chini kabisa, kisha wakaipasha katika uga huo mpya. Hakuna kifaa kipya kilichohitajika. Kilichobadilika ni mpangilio wa hatua tu, na hapo ndipo ninapoona ustadi wenyewe.

Chukua manganaiti ya praseodimi na kalsiamu nusu kwa nusu, ambayo asilimia 2.5 ya manganisi yake imebadilishwa na alumini. Ikipashwa katika uga mkubwa kuliko ule wa kupozea, usumaku kwanza hupanda, maana antiferomagneti iliyonaswa inanasuka na kuwa feromagneti. Joto likizidi, usumaku huanguka kwa mpito wa kawaida. Mageuzi ni mawili. Uga wa kupashia ukiwa mdogo kuliko wa kupozea, huonekana anguko moja tu, kwani maeneo ambayo yangenasuka katika uga huo yalikwisha kugeuka wakati wa kupoza. Kwa hiyo feromagneti ndiyo hali yake ya utulivu.

Kwenye manganaiti ya lanthani na kalsiamu nusu kwa nusu mambo hupinduka: mageuzi mawili hujitokeza pale tu uga wa kupashia ulipo mdogo kuliko wa kupozea. Huko utulivu ni wa antiferomagneti, na feromagneti ndiyo iliyonaswa.